Maonyesho ya Dunia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watu hawachoki kuyauliza kuhusu maonyesho makubwa ya kimataifa, yale ambayo siku hizi huitwa kwa kifupi Expo. Asiyeyafahamu kabisa aanzie juu. Aliyekuja kutafuta habari za binadamu waliowekwa nyuma ya ua ili watazamwe, aende moja kwa moja swali la 11. Ndilo refu kuliko yote, na linastahili urefu huo.

## Mambo ya msingi

1. Maonyesho ya Dunia ni nini hasa?

Ni tukio linaloandaliwa na nchi moja na kuhudhuriwa na nyingine nyingi, ambapo kila nchi huwa na banda lake na kuwaonyesha watu wa kawaida kile inachokijua, inachokitengeneza na inachotamani kuwa. Hudumu kwa miezi, si siku. Mwenyeji hutoa kaulimbiu, na washiriki hutarajiwa kuijibu kila mmoja kwa namna yake. Ya Dubai ilihusu kuunganisha fikra na kuijenga kesho. Ya Osaka ya mwaka 2025 ilihusu kubuni jamii ya baadaye kwa ajili ya maisha yetu.

Mgeni hukata tiketi moja getini, kisha hutembea kutoka banda hadi banda. Tangu Montreal 1967 wengi hubeba pasipoti ya maonyesho na kugongewa muhuri kila wanapoingia, na wapo wanaopanga foleni kwa ajili ya muhuri tu.

2. Yanatofautianaje na maonyesho ya kawaida ya biashara?

Tofauti iko kwenye nia. Maonyesho ya biashara yapo ili muuzaji akutane na mnunuzi. Haya mengine, kwa mujibu wa mkataba unaoyaongoza, lengo lake kuu ni kuuelimisha umma. Ndiyo maana mwaliko hupitia serikalini, na kila nchi inayoshiriki humteua kamishna mkuu wa kuiwakilisha. Mikataba ya biashara husainiwa pia, tena mingi, lakini mkutano wa wafanyabiashara watupu hauwezi kuitwa Maonyesho ya Dunia hata ukiwa mkubwa kiasi gani.

3. Nani anayasimamia?

Ofisi ya Kimataifa ya Maonyesho, yenye makao yake Paris na inayojulikana kwa herufi BIE. Ilitokana na mkataba uliosainiwa Paris tarehe 22 Novemba 1928 na nchi 31. Leo wanachama wamezidi 180.

Kabla ya hapo kila mji wenye fedha na tamaa ya sifa ulijitangazia maonyesho yake. Serikali zilikuwa zikipokea mialiko mfululizo, nyingine ya mwaka mmoja, na kila mwaliko ulidai banda, mizigo na wajumbe. Waandaaji nao waliahidi makubwa kuliko walivyoweza kutekeleza. Mkataba uliweka utaratibu wa nani aandae, lini, na kwa masharti gani.

4. Kuna aina ngapi?

Zinazotajwa zaidi ni mbili. Maonyesho ya Dunia yenyewe hufanyika kila baada ya miaka mitano, hudumu hadi miezi sita, eneo lake halina kikomo, na nchi zinaweza kujijengea mabanda. Maonyesho Maalumu hufanyika katikati ya vipindi hivyo, hayazidi miezi mitatu wala hekta 25, na mabanda hujengwa na mwenyeji. Astana 2017 ilikuwa ya aina hiyo ya pili na ilijikita kwenye nishati. Belgrade 2027 nayo ni ya aina hiyo.

Yako pia maonyesho ya kilimo cha bustani, na yale ya Milan ya usanifu na sanaa za mapambo.

5. Mwenyeji anachaguliwaje?

Serikali huwasilisha maombi BIE, wataalamu huenda kukagua, kisha nchi wanachama hupiga kura ya siri. Kila nchi ina kura moja, kwa hiyo kisiwa kidogo kina uzito sawa na dola kubwa, na kampeni ya kidiplomasia huwa kali kweli. Novemba 2023 Riyadh ilishinda uenyeji wa mwaka 2030 katika duru ya kwanza kwa kura 119, Busan ikapata 29 na Roma 17.

## Yalikoanzia

6. Yalianzia wapi?

Ufaransa ilikuwa na maonyesho ya viwanda vyake vya ndani tangu mwaka 1798. Lakini ya kwanza kuyaalika mataifa yote yalifunguliwa London, katika bustani ya Hyde Park, tarehe 1 Mei 1851. Waliobeba wazo hilo ni Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, na mtumishi wa serikali aliyeitwa Henry Cole.

Jengo lenyewe ndilo lililowaacha watu midomo wazi. Kamati ilikuwa imekwama na michoro ya matofali ambayo isingekamilika kwa wakati, ndipo Joseph Paxton, mtunza bustani aliyezoea kujenga nyumba za vioo za kuoteshea mimea, akaleta mchoro wa jumba la chuma na vioo. Vipande vilitengenezwa viwandani vikiwa vya vipimo sawa, vikaletwa na kuunganishwa papo hapo, na jumba lenye urefu wa zaidi ya mita 560 likakamilika kwa muda wa miezi tu. Miti mikubwa iliyokuwepo bustanini haikukatwa. Jengo lilipandishwa juu yake, ikabaki ndani, chini ya paa la kioo.

Mwanzoni kiingilio kilikuwa cha matajiri. Kisha siku kadhaa za wiki zikashushwa hadi shilingi moja, na hapo ndipo historia ilipobadilika. Wafanyakazi wa viwandani na wakulima wa vijijini walifika kwa treni za safari maalumu. Thomas Cook, mwandaaji wa safari za watalii, peke yake aliwasafirisha watu wapatao 150,000. Wakubwa walihofia vurugu na hata mapinduzi, wakaweka askari tayari. Hakukuwa na vurugu. Watu walitembea wakitazama mashine za kufuma, darubini, hariri na almasi ya Koh-i-Noor, wakala chakula chao, wakarudi makwao. Ilipofika Oktoba, watu walikuwa wameingia mara zaidi ya milioni sita. Humo ndani kulikuwa pia na vyoo vya maji vya George Jennings, ambavyo mtu aliingia kwa kulipa peni moja, na kwa wengi ilikuwa mara yao ya kwanza kutumia choo cha namna hiyo nje ya nyumba.

Jumba lilihamishiwa Sydenham, likaungua tarehe 30 Novemba 1936.

7. Kwa nini Paris inatajwa kila mara?

Kwa sababu iliyashika maonyesho haya ikayafanya desturi: 1855, 1867, 1878, 1889, 1900, na tena 1937. London ilikuwa na jumba moja lililobeba kila kitu. Mwaka 1867 Paris iliacha mataifa yajenge vijumba vyao bustanini kuzunguka ukumbi mkuu, na mtindo wa mabanda ya nchi tunaoujua leo ulianza kuchipuka pale. Mwaka 1900 walioingia walifika milioni 50, wakati Ufaransa yenyewe ilikuwa na watu wapatao milioni 40.

Mji nao ulijengwa kwa kasi ya maonyesho. Njia ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi ya Paris ilifunguliwa Julai 1900, katikati ya maonyesho. Grand Palais, Petit Palais na daraja la Alexandre III ni urithi wa mwaka huohuo.

8. Ni kweli kwamba Mnara wa Eiffel ulikuwa ubomolewe?

Kweli. Ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya 1889, yaliyoadhimisha miaka 100 ya Mapinduzi ya Ufaransa, na kibali chake kilikuwa cha miaka 20. Ujenzi ulipoanza mwaka 1887, waandishi na wasanii mashuhuri, akiwemo mwandishi Maupassant na mtunzi wa muziki Gounod, walitoa barua gazetini wakiulaani. Mnara wa mita 300 ukakamilika kwa zaidi kidogo ya miaka miwili. Gustave Eiffel alijua kwamba uzuri peke yake usingeuokoa, akautafutia kazi: vipimo vya hali ya hewa, majaribio ya upepo, na hatimaye mawasiliano ya redio. Jeshi lilipoona faida ya antena iliyo juu kiasi kile, habari za kubomoa zikaisha.

Wamarekani walitafuta jibu la mnara huo kwa ajili ya Chicago 1893. Jibu lilikuja na George Ferris: gurudumu la kubembea lenye urefu wa mita 80 hivi na vyumba 36, kila kimoja kikiweza kubeba watu 60. Magurudumu yote ya viwanja vya michezo duniani ni wajukuu wake.

## Uvumbuzi na mitindo

9. Simu, televisheni na taa za umeme zilivumbuliwa kwenye maonyesho?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Vitu vilivumbuliwa kwenye karakana. Maonyesho yaliwapa watu nafasi ya kuvigusa, na wenye mitaji nafasi ya kuviamini.

Alexander Graham Bell alikwisha pata hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya simu alipoileta Philadelphia mwaka 1876. Kilichoisaidia ni kwamba Dom Pedro II, mfalme wa Brazili, aliweka kipokeo sikioni mbele ya majaji na kusikia sauti ya mtu ikitoka kwenye waya. Chicago 1893 iliwashwa kwa umeme wa mkondo geu wa kampuni ya Westinghouse, uliotokana na kazi ya Nikola Tesla. Wakati huo ubishi wa aina gani ya umeme itumike mijini ulikuwa mkali, na mamilioni ya watu waliotoka kwenye giza la taa za mafuta waliona majengo meupe yaking'aa usiku mzima bila ajali. Hoja za kitaalamu zilikuwa zimeandikwa tayari. Macho ya watu ndiyo yaliyokuwa hayajashawishika. Televisheni nayo ilikuwa ikirushwa London tangu 1936, miaka mitatu kabla ya Rais Roosevelt kuonekana kwenye skrini akifungua maonyesho ya New York ya 1939.

Teknolojia ya sinema ya IMAX, kwa upande wake, ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Osaka 1970.

Kuna kisa kimoja cha kusikitisha. Katika maonyesho ya Buffalo ya 1901, Rais William McKinley alipigwa risasi akiwa anasalimiana na wageni. Mashine ya eksirei ilikuwepo palepale kama kitu cha maonyesho, lakini haikutumiwa kuitafuta risasi iliyobaki mwilini. Alifariki siku nane baadaye.

10. Na koni ya aiskrimu?

St. Louis 1904 iliipa umaarufu. Nani hasa aliibuni ni ubishi usiokwisha, maana wauzaji kadhaa walidai ni wao, na wapo waliokuwa na vikombe vya kulika kabla ya hapo. Anayekutajia jina moja kwa uhakika, muulize amelipata wapi.

## Watu walioonyeshwa

11. Ni kweli binadamu walifanywa maonyesho?

Ndiyo. Si uvumi, wala si jambo la pembeni lililofanywa na walaghai wachache. Kwa zaidi ya nusu karne lilikuwa sehemu rasmi ya ratiba, lenye bajeti, ramani na picha za postikadi. Paris 1889 ilikuwa na vijiji vya Waafrika na Waasia ambamo watu walitakiwa kuishi, kupika na kufanya kazi mbele ya watazamaji. Chicago ilikuwa na kijiji cha Dahomey, ambayo leo ni Benin. St. Louis ilikuwa na Wafilipino zaidi ya 1,000 kwenye eneo la ekari 47, miaka michache tu baada ya Marekani kuitwaa nchi yao kwa vita.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Tervuren, nje kidogo ya Brussels, mwaka 1897. Mfalme Leopold wa Pili, ambaye wakati huo Kongo ilikuwa milki yake binafsi, aliagiza Wakongo 267 waletwe. Wakajengewa vijiji kando ya ziwa la bustani ya kifalme, wakawa wanapiga makasia na kukaa mbele ya vibanda vyao huku watu wakiwaangalia kutoka ng'ambo ya ua. Watazamaji waliwarushia peremende na matunda, hadi likawekwa tangazo kwamba wenyeji hao wanalishwa na kamati. Kiangazi kilikuwa cha baridi na mvua. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren hadi leo. Mikusanyo ya maonyesho yale ndiyo iliyozaa jumba la makumbusho ambalo sasa linaitwa AfricaMuseum, na ndani yake msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, ameyaandika majina ya hao saba kwenye vioo vya madirisha, ili jua likiwaka vivuli vyake viangukie ukuta wenye majina ya Wabelgiji waliofia Kongo.

Ota Benga, Mbuti kutoka Kongo, aliletwa St. Louis mwaka 1904. Miaka miwili baadaye aliwekwa kwenye jengo la nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga hadi akatolewa, lakini nyumbani hakurudi tena. Alijiua mwaka 1916 huko Virginia. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi hadharani mwaka 2020.

Madhara hayakuishia kwa walioonyeshwa. Mtazamaji alipita kwenye ukumbi wa mashine, kisha kijijini, na mpangilio wenyewe ukamfundisha nani yuko mbele na nani yuko nyuma, bila yeyote kumhubiria. Somo hilo lilifundishwa kwa mamilioni, watoto wakiwemo, kwa bei ya tiketi moja.

12. Kuna waliopinga wakati huohuo?

Walikuwepo, na hawatajwi vya kutosha. Chicago 1893 Wamarekani weusi walipofungiwa nje ya maandalizi, mwandishi wa habari Ida B. Wells na mwanaharakati Frederick Douglass walichapa kijitabu cha kueleza kwa nini hawakuwakilishwa, wakakigawa pale pale maonyeshoni. Douglass, aliyezaliwa mtumwa, hakuwa na nafasi katika maonyesho ya nchi yake, lakini Haiti ilimkabidhi banda lake aliwakilishe. Akalifanya jukwaa.

Mwaka 1900 msomi mweusi wa Marekani W.E.B. Du Bois na wenzake walipeleka Paris picha mamia za familia, wanafunzi na wafanyabiashara weusi wa Marekani, pamoja na chati zilizochorwa kwa mkono na kupakwa rangi kuhusu ardhi, elimu na kazi. Hakukuwa na kibanda wala ngoma. Ukizitazama chati zile leo utadhani zimechorwa jana.

Wengine walijibu kwa miguu. Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana waliokuwa St. Louis kwa ajili ya onyesho la Vita vya Makaburu, walijiandikisha kwenye marathoni ya Olimpiki iliyofanyika sambamba na maonyesho. Walimaliza wa 9 na wa 12, wakawa Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki.

13. Desturi hiyo ilikoma lini?

Kuchelewa kuliko watu wanavyodhani. Brussels 1958, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Ghana, bado kulikuwa na kijiji cha Wakongo nyuma ya ua, na watazamaji bado walirusha ndizi na sarafu. Mafundi waliokuwa humo walilalamika, kisha wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha.

Maonyesho hayohayo yaliwakutanisha Wakongo wasomi kutoka majimbo ambayo wakoloni walihakikisha hayakutani. Miongoni mwao alikuwepo mwandishi wa habari kijana, Joseph Mobutu. Walizungumza, wakalinganisha maisha yao na waliyoyaona Ulaya. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960.

14. Nchi za Afrika zilianza lini kushiriki kwa jina lao? Na bara limewahi kuwa mwenyeji?

Ethiopia na Liberia kando, wengi walilazimika kusubiri uhuru. Montreal 1967 ndiyo inayokumbukwa: nchi zaidi ya kumi, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, zilikuwa pamoja kwenye eneo lililoitwa Mahali pa Afrika. Utaratibu wa banda la pamoja uliendelea kwa miongo mingi, na Shanghai 2010 bado ulikuwepo kwa nchi nyingi. Una unafuu wa gharama, lakini una kasoro ambayo sioni sababu ya kuificha: mgeni anayekimbizana na muda hutoka humo akisema ameiona Afrika, kana kwamba ni nchi moja. Dubai ilivunja desturi hiyo kwa kuipa kila nchi banda lake.

Kuhusu uenyeji, jibu ni hapana. Hakuna Maonyesho ya Dunia wala Maonyesho Maalumu yaliyowahi kufanyika Afrika. Morocco iliomba maonyesho ya mwaka 2012 yafanyike Tangier, ikashindwa na Yeosu ya Korea Kusini.

## Siasa na sanaa

15. Siasa huingia kwa kiasi gani?

Hadi kwenye misingi ya majengo. Paris 1937 banda la Ujerumani ya Hitler, lililochorwa na Albert Speer, liliwekwa uso kwa uso na la Muungano wa Kisovieti: tai juu ya nguzo upande huu, mfanyakazi na mkulima wa kike wakiinua nyundo na mundu upande ule. Hispania, iliyokuwa vitani wenyewe kwa wenyewe, ilitundika kwenye banda lake mchoro wa Picasso uitwao Guernica, uliochorwa baada ya mji wa jina hilo kushambuliwa kwa mabomu mwezi Aprili mwaka huohuo.

New York 1939 banda la Chekoslovakia lilifunguliwa wakati nchi yenyewe imekwisha kaliwa na Wajerumani. Na Julai 1967 Rais de Gaulle, aliyekuja Kanada kwa mwaliko uliohusiana na maonyesho, alisimama kwenye roshani ya ukumbi wa jiji la Montreal akapaza sauti "Vive le Québec libre!" Ziara ikakatishwa.

16. Na sanaa ilipata nini?

Zaidi ya viwanda, kwa maoni yangu. Michoro na vyombo vya Japani vilivyofika Paris 1867 viliwabadilisha wachoraji wa Ulaya namna ya kuona nafasi na mstari. Mtunzi wa muziki Claude Debussy alisikia gamelani, muziki wa ala za kugonga wa Java, mwaka 1889 na masikio yake hayakuwa yaleyale tena. Wanamuziki waliompa zawadi hiyo walikuwa kwenye kijiji cha kuonyeshwa, kama ilivyoelezwa swali la 11, kwa hiyo deni hilo lina pande mbili.

Katika usanifu, banda dogo la Ujerumani lililochorwa na msanifu Mies van der Rohe, Barcelona 1929, halikuwa na bidhaa yoyote ndani: marumaru, kioo, maji na viti vichache. Lilibomolewa mwaka uliofuata, likajengwa upya mahali pake mwaka 1986 kwa sababu vizazi vya wasanifu viliendelea kujifunza kutoka kwenye picha zake.

## Fedha na mabaki

17. Mwenyeji hupata faida?

Mara chache kwenye hesabu za getini. London 1851 ilibakiwa na pauni 186,000, fedha zilizonunulia ardhi ya South Kensington yanapokaa majumba ya makumbusho ya Victoria and Albert, ya Sayansi na ya Historia ya Asili. Vienna 1873 ilikutana na anguko la soko la hisa na kipindupindu, vyote kwa mwaka mmoja. New Orleans 1984 ilitangaza kufilisika kabla ya kufunga milango. Hanover 2000 ilitarajia watu milioni 40, wakaja 18.

Wenyeji wengi huhesabu faida kwingine: barabara, reli, eneo chakavu lililofufuliwa. Lisbon 1998 iligeuza ufukwe wa viwanda vichafu kuwa mtaa unaoishi. Lakini hesabu hiyo iwe na upande wa pili: kwa ajili ya Shanghai 2010, takriban familia 18,000 zilihamishwa.

18. Majengo huenda wapi baadaye?

Mengi hubomolewa, na mkataba wa kiwanja mara nyingi hudai hivyo. Yaliyobaki yamekuwa alama za miji: Mnara wa Eiffel, jumba la maonyesho la Melbourne la 1880 ambalo sasa ni Urithi wa Dunia, Space Needle ya Seattle, na Atomium ya Brussels, ambayo ni umbo la fuwele ya chuma lililokuzwa mara bilioni 165.

19. Kwa nini watu bado huenda wakati kila kitu kiko kwenye intaneti?

Swali hili lilikuwepo enzi za redio, na za televisheni pia. Wageni walifika milioni 64 Osaka 1970, ambako foleni ndefu ilikuwa ya kuona jiwe kutoka mwezini, na milioni 73 Shanghai 2010. Osaka 2025 watu zaidi ya milioni 25 walitembea chini ya mduara wa mbao uliobuniwa na msanifu Sou Fujimoto, wenye mzingo wa kilomita mbili. Picha za mduara huo zilikuwa simuni mwa kila mtu. Urefu wa nguzo zake mtu huujua akisimama chini yake.

## Maswali ya pembeni

20. New York 1964 yalikuwa rasmi?

Hapana. Waandaaji walitaka misimu miwili na kuwatoza washiriki kodi ya ardhi, kinyume na kanuni, na Marekani ilikwisha pewa maonyesho ya Seattle ya 1962. BIE iliwaomba wanachama wasiende, na nchi nyingi kubwa hazikwenda. Pamoja na hayo watu milioni 51 waliingia.

21. Kwa nini Expo 2020 ilifanyika 2021?

Kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Ilianza Oktoba 2021 ikaisha Machi 2022, jina likabaki lilelile.

22. Kuna yaliyopangwa yakafutwa?

Yapo. Roma ilijenga mtaa mzima wa EUR kwa ajili ya mwaka 1942, vita vikayafuta maonyesho, mtaa upo. Vienna ilikuwa iandae kwa pamoja na Budapest mwaka 1995, wananchi wake wakakataa kwenye kura ya maoni ya 1991.

23. Medali za maonyesho zilizochapwa kwenye lebo za bidhaa za zamani zina maana yoyote?

Zilikuwa na maana, lakini si ile mnunuzi anayoidhania. Majaji walitoa tuzo kwa maelfu na kwa madaraja: dhahabu, fedha, shaba, na kutajwa kwa heshima. Kampuni iliyopata yoyote iliibandika kwenye kopo au chupa kwa miongo, kama supu za Campbell's na medali ya Paris 1900. Ni ushahidi kwamba bidhaa ilishiriki mwaka huo na ikapendeza majaji wa kundi lake. Ubora wa iliyomo ndani ya kopo leo hauhusiani nayo. Kwa mtafiti wa historia ya biashara, hata hivyo, lebo hizo ni msaada mkubwa, kwa sababu orodha za washindi zilichapishwa rasmi na kampuni nyingi ndogo hazikuacha kumbukumbu nyingine yoyote.